Mwalimu Wangu wa Mwili, Mkwe Wangu

Jina lake sitalitaja. Si kwamba namficha, wala hajanikataza kuandika. Ni baba wa mume wangu, na kwao Ikinga, milimani Ileje, mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wake, hata akilikuta kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani. Nami nimezoea kulizunguka. Lakini kabla hajawa mkwe alikuwa mwalimu wangu wa anatomia na fiziolojia, na hapa nitamwita Mwalimu, maana huyo ndiye niliyemjua kwanza na ndiye niliyempoteza. Mkwe ninaye. Mwalimu aliniponyoka siku barua ya posa ilipofika nyumbani kwetu, na kwa miaka mingi nilichokitamani ni kimoja tu: aseme nami tena uso kwa uso, kama zamani, hata kama ni kunigombeza.

Chuo chetu kilikuwa pembeni mwa Tunduma, mahali ambapo foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia ilikuwa ikifika mpaka karibu na uzio. Tulikuwa tunasomea uhudumu wa dharura, kazi ya kupanda nyuma ya gari la wagonjwa na kuhakikisha mtu anafika hospitali akiwa bado anapumua. Tulisoma madirisha yakiwa wazi, vumbi likiingia, breki za upepo zikipiga chafya huko nje. Mwalimu hakupandisha sauti kushindana nazo. Alinyamaza, akangoja lori litulie, halafu akaendelea na neno lilelile alilolikatisha. Mpaka leo nikisikia lori likifunga breki, nangoja kumaliziwa sentensi.

Alivaa sweta ya kijani, ya kufumwa, kiwiko kimoja kikiwa na kiraka cha buluu. Aliivaa Juni upepo wa Tunduma ulipokuwa unakata masikio, na aliivaa Oktoba sisi wengine tukijipepea na madaftari. Viatu vyake viling'aa bila punje ya vumbi, sijui alikuwa anapita wapi. Alichukua chaki mbili, moja kila mkono, akachora mapafu yote mawili kwa wakati mmoja, na la kushoto likatoka dogo kama inavyotakiwa.

"Kwa nini la kushoto ni dogo?" alituuliza.

Tukainamia madaftari.

"Limeupisha moyo. Na ninyi mjifunze kupishana mlangoni, mnakanyagana kama mbuzi."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Kila kiungo alikipa makazi karibu na sisi. Figo lilikuwa forodha: mzigo wote unapita pale, kinachotakiwa nchini kinarudishwa, kisichotakiwa kinasindikizwa hadi nje ya mpaka. Kulikuwa na kijana darasani ambaye baba yake alikuwa wakala wa kutoa mizigo, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na foleni je?" Mwalimu akamwangalia kwa furaha kubwa. "Foleni ndiyo ugonjwa wenyewe," akasema. "Mkojo ukikaa barabarani, mji mzima unavimba." Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wa mwisho na hakuna aliyelikosa.

Chuo kilikuwa na kiunzi kimoja cha plastiki cha mifupa, kisicho na mkono wa kulia, nasi tuliokuwa tukiambiwa tujifunze mkono wa kulia tulibaki kuhesabu vidole vyetu. Kwa hiyo Mwalimu alitupeleka machinjioni. Tulitoka asubuhi, baridi bado ipo, tumevaa mabuti ya mpira, tukawakuta wafugaji waliopandisha ng'ombe kutoka bonde la Momba. Mmoja wao, mzee mrefu mwenye kofia ya pamba, alikuwa na mazoea ya kumtania.

"Mwalimu, ng'ombe wangu wa juzi alifika darasa la ngapi?"

"Alifaulu kuliko hawa," Mwalimu alijibu, akituonyesha kwa kidevu.

"Basi mpe cheti, nikitundike zizini."

Mwalimu aliushika moyo wa ng'ombe ukiwa bado na joto, akatupitishia mmoja mmoja tutie kidole kwenye milango yake, tuone jinsi kila mlango unavyokubali kufunguka upande mmoja na kukataa upande wa pili. Wenzangu wawili walizimia siku ya kwanza. Hakuwacheka. Aliwainua miguu juu, kisha akatugeukia sisi tuliosimama: "Haya, nani ataniambia damu imekwenda wapi?" Kwake hakuna kilichoharibika, hata kuzimia kulikuwa kipindi.

Na mtu huyohuyo hakula utumbo, wala ini, wala figo, miaka yote niliyomjua. Mama wa kantini alimwekea supu ya moyo siku moja kwa heshima, akaisukuma pole pole. "Siwezi kula somo," akasema, akaomba maharage. Chai yake aliijaza sukari mpaka kijiko kinasimama, baada ya kutusomesha kongosho asubuhi nzima. Presha alimpima kila mtu pale chuoni, hata mama wa mitumba wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kuuza mashuka na kutuamkia "mulishani" mlangoni. Yake mwenyewe hakuna aliyewahi kuipima. Tulipomsogelea na mashine alisema ana kipindi.

Kosa lilimkera. Hakuwa mkali, ila kosa likipita mbele yake alishindwa kukaa. Niliwahi kuhudhuria harusi moja kule Mbozi Misheni, naye alikuwa amealikwa kuimba besi. Mchungaji mgeni akahubiri juu ya Adamu, akasema ndiyo maana hadi leo mwanaume ana ubavu mmoja pungufu. Kutoka benchi la besi ikasikika sauti: "Kumi na mbili kila upande, Mchungaji. Wote, waume kwa wake." Kanisa likacheka, bwana harusi akajipapasa mbavu juu ya koti. Mchungaji akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaendelea. Mwalimu aliomba radhi baadaye, ila nilimsikia akimwambia mkewe njiani, "Ningenyamaza, watoto wale wangehesabu vibaya."

Kwangu mimi kazi ilikuwa ngumu kuliko kwa wengine. Nimezaliwa kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, nyumba ya watu wa kanisa, nikafundishwa kumpokea mkubwa kwa kupiga goti na kuangalia chini. Majina ya mifupa niliyameza upesi. Kumgusa mtu mzima ndiko kulikonishinda. Siku ya vitendo mlinzi wa chuo alijitolea kuwa mgonjwa, akalala kitandani na shati lake la kazi, nikasimama mbele yake na kipimo cha kusikilizia kifua kikiwa shingoni, mikono imeganda.

"Unamwonea aibu nani?" Mwalimu akaniuliza.

"Ni sawa na baba yangu, Mwalimu."

"Hapo alipolala hana mtoto. Ana mapafu mawili, na moja huenda linajaa maji wakati wewe unamheshimu. Mwombe ruhusa, kisha sikiliza."

Nikamwomba ruhusa kwa sauti ya chini. Mlinzi akafungua vifungo mwenyewe. "Sikiliza tu mwanangu," akasema, "ila ukifika tumboni usinicheke, jana nimekula maharage ya watu." Darasa likaangua kicheko, mimi pia, na nilipotaka kuweka mkono nikaona umeshafika.

Halafu Mwalimu akaja akanigusa vidole kwa nyuma ya kiganja chake. "Mkono wa baridi ni matusi," akasema. Tangu hapo jiko la mkaa liliwekwa kona ya darasa la vitendo, na hakuna aliyemgusa mgonjwa kabla hajaota moto. Mwezi mzima alinibakiza baada ya vipindi, mimi na mlinzi wetu, mpaka nikaweza kupapasa tumbo la mzee nikiwa namwangalia usoni na kumuuliza habari za nyumbani. Aliniona mimi kabla sijajiona. Wazazi wangu walinizaa na walinipenda, lakini mtu wa kwanza kuamini mikono yangu alikuwa yeye, na nasema hivi bila kuona haya.

Kijana wake nilikutana naye getini. Alikuwa amemletea baba yake viazi kutoka Ikinga, gunia begani, akaniuliza ofisi ya walimu iko wapi. Nilimwonyesha njia ndefu, nimsindikize. Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Nilimaliza chuo, barua ya posa ikaletwa kwetu Mbozi, wazee wakapokea, nami nikafurahi mara mbili: nimepata mume, na Mwalimu sasa atakuwa baba. Nilijiona tukikaa barazani mimi na yeye, tukibishana habari za bandama.

Siku nilipokwenda kuchukua cheti nilimkuta peke yake darasani akifuta ubao. Hakugeuka.

"Binti yangu," akasema akiwa ameuelekea ubao, "leo nasema nawe namna hii kwa mara ya mwisho."

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

"Kwetu mkwe na mke wa mtoto hawasemezani wala hawashikani mkono. Salamu zitapita kwa mama."

"Mwalimu, wewe? Wewe uliyenifundisha kumvua mlinzi shati?"

Akaacha kufuta. "Ile ilikuwa aibu, niliwavua ninyi kwa ajili ya wagonjwa. Hii ni heshima. Mama yangu alikufa hajawahi kula mbele ya baba mkwe wake, na alikuwa anampenda. Mengi ya kwetu nimeyaacha mlimani, mama. Hili siliachi."

Nilimjibu nini sikumbuki. Nakumbuka nilipanda bajaji kwenda stendi nikilia, dereva akaniuliza kama nimefeli.

Watu wengi kule Ikinga siku hizi wamelegeza. Wapo wanaosalimiana na wakwe zao na kukaa nao kwenye gari moja. Yeye hakulegeza hata uzi. Tulipokwenda likizo, mimi nilikuwa jikoni na yeye sebuleni, na kati yetu alikaa mama mkwe, mwanamke mnene mwenye subira, akibeba maneno yetu kama mjumbe wa nyumba kumi. "Baba anasema chai ina chumvi?" "Mwambie ni maji ya kisima kipya." Tulisikiana wazi kabisa, ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali mabichi, lakini jibu halikuhesabika mpaka lipite kwa mama.

Mwaka nilioamua kujiendeleza kimasomo, nilikuwa nasoma mishipa ya fahamu jikoni kwa sauti, ikanichanganya. Mama akaja kutoka sebuleni.

"Anasema ule unaoteremka kwenda kwenye kiwambo cha kupumulia unaanzia shingoni."

"Mwambie ahsante. Muulize, sehemu gani ya shingo?"

Akaenda, akarudi. "Pingili ya tatu, ya nne na ya tano. Anasema rudia."

Nikarudia. Akaenda, akarudi. Mara ya sita au ya saba akatua kwenye kigoda, akafunga khanga yake upya. "Mimi nimechoka kubeba mishipa yenu," akasema. "Tangu asubuhi sijachambua hata mboga." Tukacheka sote, na kutoka sebuleni nikamsikia naye akicheka, besi ile ya kanisani. Nilifurahi sana siku ile na usiku sikupata usingizi kwa kumkumbuka, mtu aliyekuwa chumba cha pili.

Nilipohamishiwa Ileje, kwenye gari la wagonjwa, Mwalimu alikuwa ameshastaafu na kurudi Ikinga kwenye viazi vyake. Asubuhi moja ya masika simu ikalia, ni mama mkwe. Baba amebanwa kifua tangu alfajiri, jasho linamtoka na ni la baridi, naye anasema ni gesi. Mume wangu alikuwa Tunduma kikazi. Wanaume wa jirani walikuwa wamekwenda msibani kijiji cha pili. Tukapanda mimi na dereva, barabara ina utelezi, gari likitambaa pembezoni mwa migomba, na njia nzima nilikuwa najua ni gesi ya namna gani hiyo.

Nilisimama mlangoni mwa chumba. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, blanketi hadi sikioni.

"Mama, mwambie nataka kumpima, kisha tuondoke."

Mama akamwinamia, akainuka. "Anasema tumngoje mtoto wake."

"Mwambie kutoka Tunduma ni nusu siku kwa njia hii, na moyo haungoji."

"Anasema ni gesi."

"Mwambie gesi haitoi jasho la baridi. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Safari hii mama hakubeba kitu. Alikaa pembeni ya kitanda akaanza kulia kimya kimya. Blanketi lilikuwa linapanda na kushuka haraka mno. Dereva alikuwa na nguvu za kumbeba, lakini kumbeba mtu mzima anayekataa, kifua kikiwa katika hali ile, ni kumuua. Nilihitaji akubali. Na mkwe wangu hangekubali, nilijua, angekufa kwa adabu mbele yangu. Nikaona nimtafute yule mwingine.

Nikamgeukia dereva, nikapaza sauti kama mtu aliye mbele ya ubao. "Mshike Mzee kifundo cha mkono. Mapigo utayapata upande wa kidole kidogo."

Dereva akafungua mdomo, maana alijua si hivyo, nilimfundisha mwenyewe. Nikamkanyaga.

"Upande wa kidole kidogo," nikarudia. "Ateri yake iko juu juu, hukosi."

Blanketi likatulia. Kisha likatikisika.

"Gumba!"

Mama akaacha kulia.

"Upande wa gumba! Huko kwingine ipo lakini imezama, utaitafuta mpaka kesho! Nani amekufundisha upuuzi huo?" Alikuwa amegeuka, uso umepauka, macho yananiangalia mimi, si mama, si dereva. Alitoa mkono wake nje ya blanketi, akageuza kiganja juu, akaweka kidole cha mkono wa pili mahali penyewe ili nione. "Hapa. Hapa!"

Nikavuka kizingiti nikaushika.

Mapigo yalikuwa yanakimbia, yanajikwaa, yanakimbia tena. Akanitazama nikihesabu, akaelewa. Niliona kabisa alivyoelewa.

"Umenitega," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akafumba macho. Nilidhani atauvuta mkono. "Basi hesabu dakika nzima," akasema. "Yakiwa hivi, nusu dakika inadanganya."

Nilimpa kidonge cha aspirini akatafuna, tukambeba juu ya machela, nikamvalisha barakoa ya hewa. Mama akakaa mbele na dereva. Na kuteremka kote ule mlima, Mwalimu alisema nami. Nilimwambia anyamaze apumzishe moyo, akasogeza barakoa pembeni akaniuliza moyo wenyewe unapata damu yake wakati gani, ukikaza au ukilegea. Ukilegea, nikamjibu. "Kwa hiyo?" Kwa hiyo ukikimbia sana unajinyima. "Vizuri." Akauliza habari za kazi yangu. Akauliza kama bado naota moto kabla ya kumgusa mtu. Akaniambia siku ile ya ubao alikuwa anafuta ubao uliokwisha kuwa safi.

Nilicheka na machozi yananitoka, mkono wangu kwenye kifundo chake, na ndani kabisa niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Yote niliyoyangoja miaka mingi yalikuwa yanamwagika kwa mpigo mmoja, na mtu kama yeye hafungui mlango huo ovyo. Nilihisi anasema nami kwa sababu ameshajitoa kwenye hesabu ya walio hai. Kila neno zuri lilikuwa linaniambia hivyo. Nilianza kumwomba Mungu, Mwalimu anyamaze.

Hospitali walimpokea, wakamlaza, baadaye wakampeleka mbele zaidi kwa matibabu. Mume wangu alikaa naye, mimi nikarudi kazini. Sikumwona mpaka mahindi yalipokuwa yamerefuka, nilipopanda Ikinga na ndoo ya maziwa ya mgonjwa.

Nilikuwa nimekaribia nyumbani, njia nyembamba, mahindi huku na huku, nikamwona anakuja kwa mbali na fimbo yake. Alitembea taratibu lakini bila kusimama kupumua. Nilikuwa nimeandaa salamu. Nilikuwa nimeandaa hata swali, la bandama.

Akaniona. Akasimama kidogo, kisha akatoka njiani, akaingia kwenye mahindi hatua kadhaa, akanipa mgongo, akangoja nipite.

Nikajua amepona. Niliinamisha kichwa, nikashika ndoo kwa mikono miwili isimwagike, nikapita.